Kambi ya kazi nje ya nchi: kabla ya kukata tiketi, amueni nani anashika pesa

Ukiwa na biashara changa, unaweza kumaliza wiki nzima bila kugusa ile kazi yenyewe. Asubuhi mteja anapiga simu, mchana unafuatilia malipo ya mwezi uliopita, jioni mfanyakazi anataka kujua kama kesho kuna mzigo. Ile bei mpya uliyotaka kuipanga tangu Januari bado iko kwenye daftari, mstari mmoja tu.

Ndiyo maana waanzilishi wengi wa biashara siku hizi wanaungana watu sita, wanane au kumi, wanabeba laptopu na kwenda mbali kwa wiki moja. Wengine huiita ritriti. Sisi tutaiita kambi ya kazi, kwa sababu lengo si likizo. Mnaishi nyumba moja, kila mtu anafanya kazi ya biashara yake, na jioni mnaketi pamoja kusaidiana pale mtu alipokwama.

Mtindo huu umekuwepo kwa muda. Hacker Paradise walianza mwaka wa 2014 kwa kupeleka watengenezaji wa programu Costa Rica kuishi na kufanya kazi pamoja. Mwaka wa 2015 Remote Year wakaanza kuzungusha makundi ya wafanyakazi dunia nzima, mji mmoja kila mwezi. Hapa kwetu wengi hawapitii kampuni yoyote. Wanajipanga wenyewe kwenye WhatsApp, wanachanga, wanaenda.

Kuchanga Wakenya tunajua. Tunachangia harusi, matanga, karo na hospitali. Lakini kambi ya kazi ina mambo matatu ambayo mchango wa harusi hauna: pesa ni nyingi kwa kila mtu, zinalipwa miezi kabla ya safari, na kila anayechanga anatarajia kupata kitu chenye thamani ya alichotoa. Hapo ndipo urafiki huvunjika. Tuliona kwa macho yetu.

Kikundi cha wanane

Mwaka jana wateja wetu wanane waliokutana kwenye mafunzo ya wafanyabiashara walikubaliana kwenda Kigali kwa siku saba. Walitoka Nairobi, Kisumu na Mombasa. Walituomba ushauri wa malipo, na wawili wetu tukawekwa kwenye kikundi chao cha WhatsApp. Wametukubalia tusimulie, mradi tusitaje majina.

Bajeti yao ilikuwa shilingi 65,000 kwa kila mtu:

- Ndege kwenda na kurudi: 32,000
- Nyumba: 14,000
- Chakula na usafiri: 11,000
- Intaneti na mahali pa kufanyia kazi: 3,000
- Akiba ya dharura: 5,000

Hiyo ilikuwa bajeti yao wakati huo, si bei ya leo, kwa hivyo msiinakili. Angalieni tu vile ilivyogawanywa, maana mgawanyo huo ndio uliowaokoa baadaye.

Walimchagua dada mmoja awe mweka hazina. Anauza bidhaa za urembo, ni mwaminifu, na kila mtu alikuwa na nambari yake. Wakaanza kumtumia pesa kwenye laini yake ya kila siku, ile ile anayopokelea malipo ya duka. Kila mtu aliona ni sawa. Sisi pia hatukusema kitu, na kusema ukweli tulipaswa kusema.

Sasa fanya hesabu. Tangu Agosti 2023, pochi moja ya simu Kenya haiwezi kuwa na zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja hauwezi kupita 250,000. Watu wanane mara 65,000 ni 520,000. Hata kama laini ingekuwa tupu kabisa, mchango wote usingeingia. Na haikuwa tupu: ilikuwa na 40,000 za duka. Watu saba walipomaliza kutuma, salio likafika 495,000. Wa nane, aliye Kisumu, akatuma na pesa zikakataa. Akajaribu tena, zikakataa. Akafikiri ni mtandao. Akajaribu usiku, zikakataa. Asubuhi akaandika kwenye kikundi: "Hii nambari iko sawa kweli?"

Swali hilo moja lilitosha. Mtu mwingine akaomba kuona salio. Mweka hazina akatuma picha ya skrini, na salio lilikuwa 437,000, wakati watu saba walikuwa wamechanga 455,000. Usiku ule alikuwa amemlipa msambazaji wake 58,000 bila kukumbuka kwamba pesa za duka zilikuwa 40,000 tu. Elfu 18 za kikundi zilikuwa zimeenda kununua mafuta ya nywele.

Hakuiba. Alizirudisha baada ya siku mbili, duka lilipouza. Lakini jaribu kuwaeleza hivyo watu saba waliotuma 65,000 kila mmoja. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la dada huyu lilikuwa kichwani mwake, na kichwa chake usiku ule kilikuwa na mambo ya duka.

Pesa za kikundi zikae peke yake

Kwa hivyo jambo la kwanza ni hili: pesa za kambi zisikae kwenye laini ya mtu anayoitumia kwa mambo yake. Hata akiwa mtu mwaminifu kuliko wote. Hapo shida si tabia ya mtu. Salio moja haliwezi kukuonyesha pesa zipi ni za nani.

Njia nzuri ni akaunti ya kikundi ya benki yenye watia sahihi wawili au watatu, iliyounganishwa na nambari ya malipo ya biashara ili kila mtu atume kutoka kwa simu yake. Pesa zikipita moja kwa moja hadi benki, ule mpaka wa 500,000 hauwasumbui. Kama kikundi ni kidogo na mnataka kutumia pochi ya simu, sajilini laini mpya ya kazi hii peke yake, na mchange kwa awamu: ya kwanza ya tiketi, ya pili ya nyumba, ya tatu ya matumizi. Awamu moja ikishalipiwa, pochi inabaki na nafasi.

Kila anayetuma aandike jina lake na awamu kwenye maelezo ya malipo. Ujumbe wa kuthibitisha aubandike kwenye kikundi siku hiyo hiyo. Kila Ijumaa mweka hazina atume taarifa ya mistari mitatu: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zimebaki ngapi. Na awepo mtu wa pili anayeweza kuona salio. Nambari ya siri abaki nayo mweka hazina peke yake. Kuona salio hakuhitaji kumpa mtu PIN.

Mtu akijitoa

Wiki tatu kabla ya safari, yule wa Kisumu aliandika tena. Mamake alikuwa amelazwa, hangeweza kwenda. Wote walimpa pole. Kisha akauliza kama anaweza kurudishiwa pesa zake, maana hospitali ilikuwa inadai.

Tiketi yake ya 32,000 ilikuwa imeshakatwa na hairudishwi. Hilo alilikubali. Nyumba ndiyo iliyoleta shida. Walikuwa wamelipa nusu ya kodi, yaani 7,000 kwa kila mtu, na nusu ya pili ilipaswa kulipwa siku ya kuingia. Yeye aliona kwamba pesa ambazo hazijalipwa ni zake, kwa hivyo arudishiwe 26,000. Wengine waliona kwamba nyumba ilichukuliwa kwa hesabu ya watu wanane, na akijitoa bado mwenye nyumba atadai kodi yote. Kwa hivyo arudishiwe 19,000.

Tofauti ni shilingi 7,000. Kwa elfu saba, watu wazima wanane walinyamaziana siku nne kwenye kikundi. Tulisoma ule ukimya wote.

Mwishowe mmoja wao alifanya hesabu: elfu saba kwa watu saba ni elfu moja kila mtu. Wakaitoa kwenye ile akiba ya dharura, ambayo kwa watu saba ilikuwa 35,000, na yule wa Kisumu akatumiwa 26,000 yake usiku huo. Akiba ikabaki 28,000. Unaona sasa kwa nini mgawanyo wa bajeti ulikuwa muhimu. Kama wangeandika tu "65,000 kila mtu" bila kuonyesha akiba ni ngapi, hakuna ambaye angejua pa kuzitoa.

Sheria ya kujitoa iandikwe kabla shilingi ya kwanza haijatumwa, wakati hakuna aliyekasirika na hakuna aliye na mgonjwa. Iseme mambo manne. Hadi tarehe gani mtu anaweza kujitoa na kurudishiwa yote. Baada ya hapo anapoteza nini: tiketi yake, sehemu yake ya nyumba, au vyote viwili. Anaweza kuleta mtu mwingine achukue nafasi yake? Na ikiwa ni ugonjwa au msiba, akiba itasaidia hadi kiasi gani? Nusu ukurasa unatosha. Kila mtu ajibu "nimekubali" kwenye kikundi.

Malipo kwa watu msiowajua

Nyumba na mahali pa kufanyia kazi mtalipa kwa mtu aliye nchi nyingine, ambaye hamjawahi kumwona. Ombeni awapigie simu ya video akiwa ndani ya nyumba hiyo, awatembeze, awaonyeshe intaneti inavyofanya kazi. Jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo lifanane na jina lililo kwenye mkataba. Likiwa tofauti, simamisheni malipo hata kama anasema ni la shemeji yake. Lipeni kwa awamu. Na mtu akiwaharakisha kwamba kuna kundi lingine linataka nyumba hiyo leo, mwacheni awape hao wengine.

Hata kampuni kubwa zinaweza kuisha. Remote Year, tuliyoitaja mwanzoni, ilifunga shughuli zake mwishoni mwa 2024. Kwa hivyo mkipitia mwandalizi yeyote, mkubwa au mdogo, ulizeni kabla ya kulipa: safari isipofanyika, pesa zetu zinarudi vipi na baada ya siku ngapi? Jibu liwe la maandishi.

Na je, lazima mvuke mpaka?

Si lazima. Kama mnachotaka ni utulivu tu, Naivasha au Diani patawatosha, na zile 32,000 za ndege zitalipa kitu kingine. Vukeni mpaka kama kuna sababu ya kibiashara: mnataka kuona soko hilo, kukutana na wateja huko, au kujifunza kutoka kwa waliotangulia.

Wanane wetu walichagua Kigali kwa sababu hizo. Kuna vituo vya wabunifu kama kLab, kilichofunguliwa 2012, na Norrsken House, ambapo unakutana na waanzilishi kutoka nchi nyingi chini ya paa moja. Safari ya ndege kutoka Nairobi ni kama saa moja na nusu. Tangu 2014 Mkenya anaweza kuingia Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, bila viza. Bado ni vizuri kubeba pasipoti ukiwa nayo, hasa kama unapanga kuendelea mbele.

Mambo madogo ya kukumbuka: saa za Kigali ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kwa hivyo kikao cha saa tatu asubuhi na mteja wa Nairobi kwako ni saa mbili. Magari hupita upande wa kulia, angalia kushoto kwanza unapovuka. Na Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi asubuhi ni Umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na biashara nyingi hufungwa. Msipange vikao asubuhi hiyo.

Pesa mkiwa huko

Kabla ya kuondoka, washa huduma ya kutumia laini yako nje ya nchi, ile watu huita romingi. Usiache laini yako ya Kenya nyumbani wala usimwachie mtu. Msimbo wa kuthibitisha malipo, ujumbe wa benki na wateja wako wote wanaijua hiyo laini. Mmoja wa wale saba aliitoa akaweka laini ya huko peke yake, na siku mbili nzima hakuweza kuingia kwenye akaunti ya biashara yake mwenyewe.

Kubadilisha pesa, linganisheni kabla. Tuseme mnabadilisha zile za chakula na usafiri, 11,000 kwa watu saba, yaani shilingi 77,000. Shilingi moja ikiwa fransi 11, mnapata fransi 847,000. Ikiwa fransi 10, mnapata 770,000. Fransi moja tu ya tofauti imewala fransi 77,000, na hizo ni kama shilingi 7,000. Zile zile elfu saba zilizowanyamazisha siku nne! Badilisheni kwenye benki au duka la fedha lenye leseni, mara moja au mbili kwa kiasi cha maana, badala ya kubadilisha kidogo kidogo kila siku mkiwa na haraka. Na mkituma pesa kwa simu kuvuka mpaka, msiangalie ada peke yake. Angalieni pia kiwango cha ubadilishaji kinachoonekana kabla ya kuthibitisha.

Mmoja wenu alipie matumizi ya pamoja, mwingine aandike. Jioni, mkishamaliza mazungumzo ya kazi, taarifa isomwe kwa sauti: leo tumetumia kiasi hiki, kimebaki hiki. Wale saba walifanya hivyo kila usiku, na haikuchukua hata dakika tano. Tuliambiwa kwamba kuanzia siku ya tatu hakuna aliyeuliza swali la pesa tena.

Mkirudi

Wekeni risiti zote. Kama kampuni yako ndiyo iliyolipa mchango wako, KRA inakubali gharama zilizotumika kwa ajili ya biashara peke yake. Siku mbili ulizoongeza kwenda kuona ziwa Kivu ni zako, zilipe kutoka mfukoni mwako. Tenganisha hayo mapema, usingoje Juni ya kujaza fomu za kodi.

Kisha mweka hazina atoe hesabu ya mwisho ndani ya siku saba, na kilichobaki kirudishwe kwa kila mtu au kiwekwe kwa safari ijayo kwa makubaliano ya wote. Kikundi chetu kilibaki na shilingi 16,100. Kila mmoja alirudishiwa 2,300. Si pesa nyingi, lakini dada wa duka la urembo alituambia hakuna pesa aliyowahi kutuma kwa furaha kama hizo.

Kuhusu kazi yenyewe: kila mmoja alikuwa ameandika kwenye karatasi kazi moja ya kumaliza kabla ya kurudi. Watano kati ya saba walimaliza. Bei mpya zikapangwa, mkataba mmoja ukaandikwa upya, na mmoja akakubali hatimaye kufunga tawi lililokuwa likimpa hasara tangu mwaka uliotangulia. Hilo la mwisho, alisema, hangeliamua akiwa nyumbani.

Mamake yule wa Kisumu alipona. Kambi ya pili inapangwa sasa, na yeye alikuwa wa kwanza kujibu kwenye kikundi. Hakuuliza ni lini wala ni wapi. Aliuliza: "Sheria ya kujitoa iko wapi niisome?"

Je, nyinyi mnapanga kambi au safari ya kikundi? Kabla ya kuanza kuchanga, tuandikie kupitia sehemu ya msaada kwenye programu yetu. Tutakusaidia kuchagua aina ya akaunti inayofaa kikundi chenu, na safari hii tutasema mapema.